Kila Ijumaa namvisha mjukuu viatu vya chuma, napiga picha, halafu namvua

Shangazi, habari ya siku nyingi. Zamani nilikuwa nakusoma kwa simu ya jirani, sasa niko na yangu, na naomba sana usiweke jina juu binti yangu pia anakusoma huko aliko.

Niko Busia, huku upande wetu wa Uganda, nina miaka 51, mjane. Marehemu mzee alikuwa jeshini ndio maana Kiswahili changu ni cha kambini, utanisamehe. Nakaanga chapati na kuuza chai pale malori yanapolala. Niko na binti mmoja tu, alizaa kijana miezi 19 iliyopita, baba wa mtoto alipoona ule mguu akasema kwao hawazai hivo na hatujamuona tena, hiyo tuiache.

Mtoto alizaliwa mguu wa kulia umejikunja kwa ndani, unyayo unaangalia juu kama mtu anayekuonyesha mwiba. Mkunga akatuambia msilie, hii ni klabufuti, inatibika, akatutuma kliniki ya miguu. Walianza kumfunga plasta akiwa na wiki tatu, kila Jumatano wanatoa ile wanaweka nyingine. Ya kwanza nusura tuikatae juu mguu ulitoka pale ukionekana umepinda kuliko ulivyoingia. Plasta sita, halafu wakakata kidogo mshipa wa nyuma ya kisigino, wakafunga ya mwisho wiki tatu, na siku walipoifungua mguu ulikuwa umenyooka mpaka nikapiga vigelegele palepale watu wakanitazama. Ndio wakatupa vile viatu viwili vya ngozi vimeunganishwa na chuma. Miezi mitatu avae mchana na usiku, baada ya hapo usiku tu na akilala mchana, mpaka afike miaka minne. Miaka minne Shangazi!

Binti alifanya yote bila kukosa. Mtoto alipofika miezi tisa akapata nafasi ya kwenda Saudia kazi ya nyumbani, mkataba miaka miwili. Usiku wa kuondoka alinikalisha kitandani akanionyesha tena, mkanda wa katikati kwanza, kisigino kikae chini kabisa, ndio ufunge kamba. Akasema, "Mama, hata akilia." Nikasema hata akilia.

Nilijitahidi wiki sita hivi. Halafu yakaja meno, halafu malaria, akawa analia usiku kucha, na sisi ni chumba kimoja cha kupanga, jirani anagonga ukuta, mimi saa kumi usiku lazima niwe nimeamka nikande unga. Usiku mmoja nikamvua. Akalala fofofo, na mimi nikalala. Kesho yake nikasema leo nitamvisha, sikumvisha.

Sasa binti madamu wake anampa simu Ijumaa tu, na kila Ijumaa anataka picha ya mtoto amelala na viatu. Basi Ijumaa jioni namvisha, siku hizi vidole vimetokeza nje mbele kabisa, napiga picha, natuma, namvua. Yeye anarudisha mioyo na "asante mama". Miezi minane hivo. Na hela ya usafiri wa kliniki aliyokuwa akinitumia kwa mobaili mani, elfu 40 kila mara, nilikula. Unga ulipanda na nilikuwa na kodi ya miezi miwili.

Mwezi uliopita unga wa ngano ulimwagika sakafuni, mtoto akapita juu yake anacheka. Nikaangalia nyayo zake. Wa kushoto umetoka mguu mzima, kisigino na vidole vyote vitano. Wa kulia ni ukingo wa nje tu na vidole, kisigino hakuna, labda kialama kama cha ncha ya kidole. Nilifagia mbio kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Dada yangu anasema miguu ya watoto hunyooka yenyewe wakitembea, nimnunulie buti ngumu. Kuna mzee upande wa Kenya anakanda mifupa, anasema siku saba kwa mafuta na vijiti atakuwa ameunyoosha. Kijana mmoja wa kliniki ya kulipia hapa mjini aliuangalia tukiwa tumesimama mlangoni akasema hapo ni upasuaji mkubwa, akataja pesa ambayo hata nikiuzwa mimi mwenyewe haifiki.

Sasa Shangazi, nimwambie binti? Nikimwambia naona atavunja mkataba arudi, kampuni itamdai tiketi, na mshahara wake ndio tunakula sisi wote. Nisipomwambia, miezi 14 ijayo anashuka kwenye taksi anamkuta mtoto anachechemea na picha zote zile ziko kwenye simu yake. Ama nikimbie kliniki kimyakimya kwanza utengenezwe, ndio niseme? Yule nesi naye namuogopa, aliniamini. Silali.

Jaja mwongo, Busia

SHANGAZI ANAJIBU

Mama, hilo jina la Jaja mwongo, yaani bibi mwongo, nimelichapa juu ni wewe uliyeliandika, mimi sitakuita hivo.

Nimesoma barua yako mara tatu, na naona umefunga vitu viwili kwenye chuma kimoja kama vile viatu vyenyewe. Kimoja ni mguu wa mtoto, cha pili ni uongo kwa binti. Na juu umevifunga pamoja, kila ukitaka kusogeza kimoja kingine kinakuvuta, ndio umekaa palepale miezi minane. Niruhusu nivifungue kidogo, nianze na mguu, juu mguu unakua hata usiku huu tukiwa tunaongea.

Mimi si daktari. Ila kabla ya kukujibu nilienda kukaa na ofisa mmoja wa mifupa ambaye kazi yake ni kufunga hizi plasta, na nikasoma. Mguu wa binadamu una mifupa 26, na katikati ya kifundo kuna mmoja unaitwa talasi, ambao wa ajabu kidogo, hakuna msuli hata mmoja uliojishika juu yake, mingine ndio inazunguka chini yake na mbele yake kama mlango kwenye bawaba. Mtoto wa klabufuti mifupa yake yote ipo, imezungukia tu kwa ndani na kushikiliwa na mishipa iliyokaza. Yule aliyeielewa hiyo bawaba vizuri ni Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani mpaka uzeeni, alifariki 2009 akiwa na miaka 95. Ile plasta ya kwanza iliyowatisha ni akili yake hiyo. Sehemu ya mbele ya mguu inakuwa imeinama kuliko ya nyuma, kwa hiyo kwanza unainua upande wa kidole gumba ili mbele na nyuma vikae mstari mmoja, na kwa macho ya mama mguu unaonekana umeharibika zaidi. Halafu wiki kwa wiki mguu wote unazungushwa nje, kidole cha anayefunga kimekaa kwenye talasi, kisigino kinafuata chenyewe bila kushikwa. Mshipa wa nyuma ndio wa mwisho.

Lakini ile nyama iliyoukunja mguu tangu tumboni haifi siku plasta inapotoka. Inaendelea kuvuta, na inavuta zaidi wakati mguu unakua mbio. Mtoto wa kiume wa mwaka na nusu mguu wake umeshafika karibu nusu ya urefu utakaokuwa nao akiwa mzee mzima, fikiria hiyo kasi. Miaka minne waliyowaambia imetoka hapo. Na kama uliwahi kujiuliza kwa nini wamfunge miwili wakati mbaya ni mmoja, chuma ndio dawa yenyewe: bila chuma kiatu kinageuka pamoja na mguu na hakuna kinachozuia, lakini ukiishika miwili, mgonjwa umegeuzwa nje sana na mzima kidogo, kila teke analopiga mtoto linamnyoosha. (Viatu vya aina hiyo ya kwenu, vya ngozi na chuma cha kuchomelea, vilibuniwa hukuhuku Uganda na Mholanzi Michiel Steenbeek, kwa vitu vinavyopatikana kwenye karakana zetu. Mimi nilikuwa sijui.)

Kule nje kuna maabara zenye sakafu ya vihisio, mtu anapita juu yake na kompyuta inaonyesha uzito umekaa wapi kwenye unyayo. Wewe umepima kwa unga wa ngano. Kisigino kutogusa kunaweza kumaanisha mshipa wa nyuma umekaza tena, ukingo wa nje peke yake kunaweza kumaanisha mguu umeanza kuzungukia ndani. Nasema kunaweza, juu unga hauwezi kuukunja mguu na kuuliza unafika wapi, hiyo inataka mikono ya mtu aliyefundishwa. Kwenye kadi ya mtoto nadhani kuna namba waliandika kila Jumatano, labda ilianza 5 ikashuka mpaka 0 au karibu na hapo. Hiyo ni alama ya Pirani, vitu sita vya mguu kila kimoja kinapewa 0 au nusu au 1. Mwenyewe, Dr Shafique Pirani, ni mzaliwa wa Uganda aliyekwenda kufanya kazi Kanada, na ni mmoja wa waliosaidia tiba hii kuenea hapa kwetu. Wakimpima tena mtajua umerudi kiasi gani, badala ya wewe kukisia gizani.

Sasa neno "nimeharibu". Halijaandikwa kwenye barua yako lakini nimelisikia kila mstari. Kutovaa viatu ndio sababu kubwa kabisa ya klabufuti kurudi, hilo siwezi kukupaka mafuta nikakwambia hapana. Ila miguu mingine hurudi hata kwa waliovaa, na huu wa kurudi una tiba yake inayojulikana. Kwa umri wa mjukuu wako mara nyingi wanaanza tena na plasta chache, wengine wanakatwa tena ule mshipa, halafu viatu vinarudi. Mtoto akishapita miaka miwili na nusu na mguu bado unajigeuza, kuna upasuaji wa kuhamisha mshipa mmoja wa mbele, nao si ule mkubwa wa kufungua mguu mzima. Ule mkubwa Ponseti aliukimbia baada ya kuona waliofanyiwa wanarudi ukubwani na miguu migumu inayouma. Mwaka 1995 huko Iowa walitoa matokeo ya watu waliotibiwa kwa plasta zake wakiwa wachanga, wakati huo wastani wa umri wao miaka thelathini na kitu, na 78 kwa kila 100 miguu yao ilikuwa mizuri au mizuri sana. Kwa watu waliozaliwa na miguu ya kawaida ilikuwa 85 kwa kila 100. Kwa hiyo huyo kijana aliyetaja bei akiwa mlangoni, mtoto yuko mgongoni kwako, mimi ningependa kumuuliza alipima nini.

Mzee wa vijiti ndiye ananitisha zaidi. Mguu huu ukisukumwa juu kwa nguvu wakati mshipa wa nyuma umekaza, kisigino hakishuki, unavunjikia katikati na unyayo unatuna kwa chini kama tumbo la mtumbwi. Hapo kazi inakuwa mbili. Buti za dada hazina ubaya mkubwa, ila kisigino kitapanda ndani ya buti na wewe hutakiona, utaona buti nzuri tu. Mchana aache atembee peku, unga umekuonyesha kuliko buti ingekuonyesha.

Na kulia. Usiku ule wa kwanza ulipomvua, uliangalia ngozi? Kulikuwa na wekundu, lengelenge, kisigino kilikuwa kimeteleza? Nauliza juu wakati ule kulikuwa na meno na malaria, na huenda viatu vilibeba lawama za mbu. Ama huenda vilikuwa vimeshaanza kubana. Vidole kutokeza mbele ni viatu vilivyoachwa nyuma na mguu, na kubadilisha saizi kunafanyika kliniki, kwa hiyo hapo ndipo elfu 40 inapouma mama, na najua inakuuma kabla sijaitaja. Kingine, mtoto akivishwa siku moja moja anavigombania kuliko yule anayevaa kila usiku. Huyu wa kwako anavaa Ijumaa peke yake, mbele ya simu. Kwake vile ni viatu vya kupigwa picha.

Ila acha niseme pia nilichokiona. Mwanamke wa miaka 51, mjane, anaamka saa kumi usiku kwa ajili ya unga, mtoto mgonjwa, ukuta unagongwa, na maagizo ambayo kliniki huwa wanayarudia kwa mama na baba wakiwa wawili na bado yanawashinda wengi. Nani alikuwa wa pili wako? Sijaona mtu kwenye barua. Mguu ukitengenezwa na usiku wako ukabaki vilevile, sijui viatu vipya vitavaliwa na nani saa saba usiku. Huyo jirani anayegonga ukuta, anajua anagonga nini?

Nesi anaweza kukufokea, siwezi kukuahidi hapana. Lakini kliniki hizo wazazi walioacha viatu ni mgeni wa kila wiki, na wewe hutakuwa wa kwanza wala wa kumi. Kama miguu inagoma kabisa kuingia pale kwa aibu, kuna hospitali nyingine, kuna CoRSU pale Kisubi njia ya Entebbe inayotibu hasa watoto wenye shida za viungo, ila toka Busia ni safari na ni hela, uipime mwenyewe.

Tuje kwa binti.

Wewe wazo lako ni kliniki kimyakimya, utengenezwe, ndio useme. Nalielewa, unataka kumpa habari ikiwa na dawa yake mkononi. Lakini tuhesabu siku pamoja. Kliniki yenu ni Jumatano. Wakimfunga plasta Jumatano, Ijumaa itafika. Utatuma picha gani? Plasta haiingii kwenye kiatu. Itabidi utume ya zamani, useme simu imeharibika, na uongo wa miezi minane utaongezewa wa wiki sita, huu wa sasa ukiufanya macho makavu. Wengine wangeweza. Wewe hulali kwa huu uliopo. Kwa hiyo "kimyakimya kwanza" ina urefu wa siku mbili, kuanzia Jumatano mpaka Ijumaa, na pengine siku mbili zinatosha kujua utasema nini.

Kusema kwanza nako kuna lake. Anapata simu Ijumaa tu, akisikia hii halafu simu ikachukuliwa atakaa jikoni kwa madamu wiki nzima na picha ya mguu kichwani, hana wa kumuuliza. Kama ni hivo, iwe kwa sauti na si kwa maandishi, uwe na muda, na uwe tayari akikaa kimya. Kumtuma dada yako aseme, mimi naona ataanza na buti. Na kunyamaza mpaka arudi, sawa, watu wamenyamaza makubwa zaidi, ila ile kadi ya kliniki ina namba ya simu ya nani?

Halafu hili la kuvunja mkataba. Unaweza kuwa sahihi, wewe ndiye unamjua. Lakini angalia, umeshaamua kwa niaba yake atafanya nini, ukamwokoa na uamuzi ambao hajapewa. Huyu ndiye aliyesema "hata akilia". Alijua atalia. Na picha ya kila Ijumaa, mimi nimeifikiria sana, inaweza kuwa ni hamu tu ya mama aliye mbali anataka kumuona mwanawe amelala, na inaweza kuwa alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo akakosa namna ya kuuliza. Sijui ni ipi. Labda hata yeye hajui. Na habari ya mguu na habari ya pesa ni maungamo mawili, unaweza kutoa moja ukabaki na nyingine, watu hufanya hivo sana, ila uchague ukijua kwamba unachagua.

La mwisho, na usinikasirikie. Umeniomba nifiche jina juu binti anasoma hapa. Nimelificha. Lakini umeniandikia Busia, chapati, Saudia, mguu wa kulia, picha ya Ijumaa, na maneno aliyokwambia usiku wa kuondoka kama alivyoyasema. Nilikurudishia ujumbe kukuuliza kama nibadilishe hayo, ukanijibu "acha tu Shangazi". Nikajiuliza kama kuna sehemu yako iliyokaa mbele ya simu inaomba asome.

Ukienda Jumatano beba ile kadi hata kama imechanika, beba na vile viatu vidogo, wavione vidole vilifika wapi. Sema miezi ni minane, usipunguze, wanahitaji namba ya kweli ili wajue waanzie wapi. Na ukiniandikia tena, tafuta jina lingine.